Wasiobebwa

Katika mji ule, ambao ulipoteza jina lake zamani na hakuna aliyejisumbua kulitafuta, siku hazikuwa na adabu ya kupanga foleni. Jana iliweza kuja baada ya kesho ikakaa sebuleni kama mgeni asiyejua kuaga. Mtu aliweza kula chakula cha mchana akiwa kijana na kuosha sahani hiyohiyo akiwa mzee. Watu walikwisha kuzoea, maana binadamu akizoeshwa hata moto huanza kuuita jirani. Kitu kimoja tu ndicho kilichokuwa hakibadiliki, nacho ni Kiti.

Kiti kilikaa juu ya kilima. Kilikuwa kiti tu, cha mbao, kirefu kuliko nyumba yoyote ya mji, na hakuna aliyewahi kumwona mtu amekikalia. Wapo waliosema aliyekikalia ni mkubwa mno hata macho hayamwenei. Wapo waliosema alikwisha kuondoka, na wapo walionong'ona kwamba fundi alikichonga kwanza, halafu watu wakasahau kilikuwa cha nini. Lakini waliosema hivi na waliosema vile, wote, kila alfajiri walifungua milango yao, wakasimama kizingitini, wakageukia kilima na kusema: "Upo, nasi tupo." Kisha kila mkuu wa nyumba alitaja mmoja mmoja majina ya walio chini ya paa lake.

Asiyetajwa hufifia. Ndivyo walivyofundishwa na ndivyo walivyofundisha. Kwanza kivuli chake hupauka kama kanga iliyofuliwa mno, kisha hubaki utando, kisha hakuna. Na kivuli kikiisha, mwenyewe hakumbukwi tena, hata na mama aliyemzaa. Kitanda chake hupewa mwingine, na siku ya kupakua chakula watu hushangaa kwa nini sahani imezidi.

Na kwa kuwa watu wale walikuwa na huruma (hilo lazima lisemwe, maana huruma yao ndiyo itakayoleta balaa lote), walikuwa na desturi ya kubebana. Jirani akisafiri, akiugua, akilewa, akilala fofofo, wewe uliyeamka unataja wa kwako, halafu mwisho unaongeza jina lake. Huko ndiko kumbeba mtu. Haikuwa sheria, na hakuna aliyewafundisha. Walikua nayo tu, kama mtu anavyokua na mkono wa kulia, na mtu haufikirii mkono wake wa kulia mpaka siku anapoukosa.

Sikudhani alikuwa mpima vivuli wa mji huo. Alikuwa na shuka jeupe pe na vipande vya kitambaa vilivyopangwa, kuanzia cheusi tii hadi kilichokaribia weupe wa shuka lenyewe, kila kimoja kimepauka kidogo kuliko mwenzake. Mtu husimama, kivuli kikaanguka juu ya shuka, naye Sikudhani hukilinganisha na vitambaa vyake akasema huyu yupo hapa, huyu yupo pale. Kazi hiyo ilimpa ugonjwa mmoja mbaya katika mji kama ule. Kila alipoambiwa jambo, aliuliza: limejulikanaje?

Mdogo wake, Mponda, hakuwa na ugonjwa huo. Mponda alikuwa mwoka mikate, na alfajiri ndiyo saa ya mkate. Asubuhi moja, mikono yake ikiwa ndani ya tanuri, aliamua kwamba mkate ukiungua ataona hasara leo hii, lakini Kiti hakijawahi kumwambia asante. Hakusalimu. Hakufifia. Asubuhi ya pili akarudia, na ya tatu, kisha akaanza kujigamba mbele ya wateja: "Nitazameni! Mnatikisa midomo bure!" Mdomo huponza kichwa. Majira yaleyale watoto sita wa mtaa wake walififia. Mama zao walibaki na nguo ndogo mikononi, wakiulizana ni za nani; kwa kuzihesabu nguo hizo ndipo ilipojulikana kwamba ni watoto sita. Mtu mmoja akayakumbuka majigambo ya mwoka mikate, akasema ni ukimya wake uliowala watoto, na kuanzia hapo ikawa kila mtu anayakumbuka.

*

Mponda akafikishwa Barazani kushtakiwa, na aliyehukumu huko alikuwa Msemaji wa Kiti, aitwaye Songoro. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye sauti ya kubembeleza mtoto, na Sikudhani alitamani awe mkatili, kwa sababu mkatili huchukiwa bila taabu.

"Watoto sita," Songoro alisema. "Na ndugu yako ndiye pekee mtaani aliyeacha salamu. Unataka ushahidi gani tena, bibie? Ukimkuta paka ana manyoya ya njiwa mdomoni, utamwuliza alikwenda wapi?"

"Nitamtafuta kicheche pia, Mheshimiwa, maana naye hula njiwa."

Watu walicheka. Mponda, aliyekaa chini baina ya walinzi wawili, hakucheka.

"Majira yale," Sikudhani aliendelea, "kisima cha mtaa kilihamishwa. Vumbi la machimbo lilianza kuvuma upande ule. Unga ulioletwa ulikuwa na ukungu, nyote mliulalamikia. Na ndugu yangu aliacha salamu. Mchuzi ukitiwa chumvi, pilipili na limau kwa mkupuo mmoja, mtu akaumwa tumbo, nani kati ya hao tumlete hapa mbele yako?"

"Wote," mtu alipiga kelele nyuma, na watu wakacheka tena.

Songoro hakucheka. "Nyumbani kwangu kuna kigoda," alisema. "Kifupi, cha kukalia mtu anayekuna nazi. Hakuna anayejua ni cha nani. Mke wangu si chake, dada zangu si chao. Kila nikikiona nashikwa na kilio na sijui namlilia nani. Kwa hiyo usije hapa kunifanyia mzaha wa michuzi. Niambie unataka nini."

"Nataka kupima, Mheshimiwa. Tusibishane. Tupime."

Makubaliano yakawa haya. Sikudhani apewe mtaa mmoja na majira mamoja. Nusu ya nyumba zisalimu, nusu zinyamaze. Walionyamaza wakififia zaidi ya waliosalimu, Mponda ndiye aliyewaua wale watoto, naye atatiwa katika Nyumba ya Kusahauliwa, ambamo mtu hatajwi tena. Wasipofifia, atarudi kwenye tanuri lake. Uhai wa Mponda ulining'inia hapo, katika tofauti baina ya vivuli na vivuli, na dada yake ndiye aliyekitundika kitanzi kwa mikono yake, kwa kuwa hakukijua kitanzi kingine kilicho cha haki.

*

Walimpa Mtaa wa Wafinyanzi. Aliwakusanya watu uwanjani, mahali pa kukaushia vyungu, akawaeleza. Walimsikiliza kwa ile heshima ambayo watu humpa mtu anayewaletea msiba wa wengine.

"Basi sisi tutanyamaza," alisema Shomvi, kijana wa kujitia ushujaa, "na waoga wasalimu."

"Hapana," Sikudhani alisema. "Hakuna kuchagua. Mwoga atachagua kusalimu, na mwoga ndiye huyohuyo anayechemsha maji yake, anayefunga dirisha vumbi likija, anayechekecha unga mara mbili. Tutapima woga tukidhani tumepima salamu. Tutapiga kura."

Akatia maharage na kunde ndani ya chungu chenye shingo nyembamba. Kila mkuu wa nyumba aliingiza mkono, akatoa punje moja. Wa maharage wasalimu, wa kunde wanyamaze. Shomvi alipata kunde, akaiangalia punje yake kiganjani, na ushujaa wote ukamwisha usoni, kwa kuwa alikuwa na mtoto mchanga. Pembeni yake Bi Hadia, mjane aliyefinyanga mitungi ya maji ya nusu ya mji, alipata haragwe. Alilibusu, kisha akaona haya, akamshika Shomvi bega.

"Asiyetaka anaweza kutoka sasa," Sikudhani alisema. "Simlazimishi mtu."

Hakuna aliyetoka. Watu wale waliweza kumhukumu mtu kufa, lakini hawakuweza kumkatalia ombi akiwa amesimama mbele yao.

Alitengeneza kila jambo. Wote wanywe kisima kimoja, kilichofunikwa. Wote wale unga wa gunia moja. Madirisha ya wote yafungwe kwa pamoja, yafunguliwe kwa pamoja. Vivuli visipimwe naye. Walichukuliwa wapimaji kutoka upande wa juu wa mji, wasiojuana na wafinyanzi, wakawekwa nyuma ya shuka wasione uso wala nyumba, waone kivuli tu na vitambaa vyao. Na kabla ya yote alitangaza mbele ya Baraza ni mpauko wa kiasi gani utahesabika kuwa kufifia, ili mwishoni asije mtu, na hasa asije yeye, akausogeza mstari.

"Kwa nini usipime wewe?" Shomvi alimwuliza. "Wewe ndiye unayeijua kazi."

"Kwa sababu nalijua jibu ninalolitaka."

Hilo waliliwaza sana. Hawakuwahi kumwona mtu anayejiwekea mlinzi nafsi yake mwenyewe.

Majira yale yalikwenda kwa miguu ya kombo. Wiki moja ilipita mara mbili. Asubuhi nyingine Sikudhani alikutana njiani na mwanamke mzee aliyebeba shuka jeupe, akamwamkia, mzee akamwitikia kwa sauti ambayo Sikudhani aliifahamu kwa kuwa ilikuwa yake, na hawakusimama kuongea. Usiku hakulala vizuri, na mchana alijisemea. Kama. Neno dogo. Kama salamu ndiyo inayotushika, basi. Kama sivyo, basi. Nimeishi kati ya kama na basi kama mtu anayeishi kwenye kizingiti, si ndani si nje, na mvua inampata. Je, ikiwa Kiti kinatushika kweli? Nitamzika Mponda kwa kipimo changu. Je, ikiwa hakitushiki? Basi ni nani aliyetusimamisha hapa? Hapana. Swali moja. Usiulize mawili kwa wakati mmoja, mchuzi, chumvi, pilipili. Swali moja.

*

Hakuna aliyefifia.

Wapimaji walipoleta matokeo yao, na kura za maharage na kunde zilipofunuliwa, vivuli vya waliosalimu na vivuli vya wanyamavu vilikuwa sawasawa, vyeusi vya afya. Mtoto wa Shomvi alikuwa na kivuli cheusi kuliko cha babake. Sikudhani alifunga mlango wa chumba chake, akaketi sakafuni, akacheka mpaka mbavu zikamuuma. Furaha ile ilikuwa kubwa kiasi cha kumtia hofu.

Alikuwa bado anacheka mlango ulipobishwa.

"Hodi, wenyewe."

"Karibu, Bi Hadia. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu." Mjane aliingia na mtungi mpya kichwani, akauweka chini kwa uangalifu. "Huu wako. Nimesikia. Mungu amekuvusha, na mdogo wako atarudi kutupikia mikate. Nimefurahi, na mimi mwenyewe nimechangia kidogo, usinione hivi."

"Umechangia sana, mama. Nyote mmechangia."

"Aa, mimi zaidi. Mimi niliwabeba akina Shomvi kila siku ya Mungu, sikukosa hata moja. Na kale kachanga nilikataja mara mbili, maana bado kadogo."

Sikudhani aliinua uso polepole. "Uliwabeba."

"Niwaache?" Bi Hadia alicheka. "Mtu anatoka ndani anaona mlango wa jirani umefungwa, na ndani mna mtoto, anyamaze? Wewe uliwaambia wa kunde wasisalimu. Hukutuambia wa maharage tusiwabebe. Nikasema moyoni, huyu binti ana akili huyu, ametuachia mwanya. Na si mimi peke yangu. Mtaa mzima uligawana. Kila nyumba ya maharage ilikuwa na kunde wake."

Ni kweli, hakuwaambia. Aliwaza juu ya kisima, unga, vumbi, madirisha, woga, na uongo wa nafsi yake, lakini kubebana hakukumjia akilini hata mara moja, kwa kuwa yeye pia alikuwa mtoto wa mji ule, na kikulacho ki nguoni mwako. Hapakuwa na wanyamavu. Mtaa mzima ulisalimiwa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hakuwa amelinganisha kitu na kitu.

"Nimekosea, mwanangu?"

"Hapana, Bi Hadia," Sikudhani alisema. "Nimekosea mimi." Akaupokea mtungi kwa mikono miwili, kama inavyopasa kupokea zawadi ya mkubwa, na machozi yakamtoka.

*

Mponda alipoelezwa, gerezani, mchana wa jua kali, alikuwa amekwisha kuvaa shati lake safi la kutokea.

"Nani mwingine anajua?" aliuliza.

"Mtaa mzima. Ila hawajui kwamba wanajua."

"Basi nyamaza."

"Mponda."

"Nyamaza, dada! Songoro anataka namba, umpe namba. Vivuli sawa, ni uongo? Si uongo! Kila neno utakalosema litakuwa kweli. Nikuombeje? Nikupigie magoti?" Na akapiga magoti kweli, yule aliyewakejeli wote waliopigia magoti kilima. "Mimi ni mdogo wako. Ulinibeba mgongoni."

Sikudhani alitoka, na huo haukuwa uzuri wa moyo. Alitoka kwa sababu alikuwa karibu kukubali. Njia nzima alimchukia Bi Hadia, akamchukia Mponda kwa mdomo wake, lakini aliyechukiwa zaidi alikuwa Sikudhani, mwerevu wa maharage na kunde. Aliwaza pia wale mama wenye nguo ndogo mikononi. Kama angenyamaza, na watu wakaacha salamu kwa neno lake, na kumbe salamu ndiyo iliyowashika, nguo ndogo zingejaa mjini kote. Hakujua kama ndivyo, na hakujua kama sivyo.

Mbele ya Baraza alisema yote. Alisema vivuli ni sawa, na alisema usawa huo hauna maana. Bi Hadia, katikati ya watu, alijifunika uso kwa upande wa kanga.

"Kwa hiyo hujui," Songoro alisema.

"Sijui, Mheshimiwa."

Neno lile halikuwahi kutamkwa mle Barazani. Songoro alimtazama muda mrefu, na katika macho yake hapakuwa na ushindi, bali kitu kibaya zaidi, nacho ni heshima.

"Ungeweza kutudanganya," alisema, "nasi tungekuamini. Basi nami nitakutendea haki. Ndugu yako ataingia Nyumba ya Kusahauliwa, isiyo na dirisha la kilimani. Hatasalimu, na hatabebwa na mtu yeyote. Mvua zikikatika tutafungua. Akitoka na kivuli chake, anakwenda kwake, na kuanzia siku hiyo salamu ni hiari ya mtu."

"Mtu mmoja si jaribio, Mheshimiwa. Mtu mmoja ni bahati tu. Afya yake, umri wake, hatuna wa kumlinganisha."

"Mtoe wa pili, basi. Na wa tatu. Chagua."

Sikudhani aligeuka akawaona watu, nyuso zote zikitazama chini. Hakumtaja mtu.

"Nakubali," Mponda alisema. Alisimama wima katika shati lake safi, na sauti yake ilikuwa imebadilika. Walipompitisha mlangoni alimshika dada yake mkono. "Jana nilikuwa mwoga, nisamehe. Lakini sikiliza. Mimi najua hakuna kitu kule juu, na safari hii tutawaonyesha. Usinibebe, dada. Ukinibeba umeharibu tena. Niapie."

"Naapa."

"Niapie kwa mama."

"Naapa kwa mama yetu, sitakubeba."

*

Alfajiri ya kwanza Sikudhani aliamka, na kwa muda, ule muda wa kati ya jicho moja na la pili kufunguka, hakulikumbuka jina la ndugu yake.

Lilirudi. Lakini hakuinuka kitandani. Ulikuwa usingizi tu? Katika mji ule watu husahau hata mlango wao ulipo, na siku hurudi nyuma na kukanyaga zile zilizopita. Au ndivyo kunavyoanza? Alijaribu kuuona uso wa Mponda. Aliyaona masikio na lile kovu la kuungua kwenye kiwiko. Pua haikuja. Kama ningekuwa na mtu mia, aliwaza. Kama ningekuwa na mia wengine kando yao. Ningejua kusahau kwa kawaida ni kiasi gani, na kusahau kwa kufifia ni kiasi gani. Nina mmoja. Na huyo mmoja alijifunza kutembea akiwa ameshika pindo la gauni langu.

Alifungua mlango. Milango yote mtaani ilikuwa wazi na watu walikuwa wakinung'unika majina. Akasema: "Upo, nasi tupo." Akataja lake. Akafumba mdomo, akaubana kwa meno hata akaonja damu.

Kisha akamtaja Mponda. Alimtaja kwa sauti ya chini sana, akajiambia kwamba ni leo tu, kwa kuwa ameamka vibaya. Kesho yake aliamka vizuri, na akamtaja. Akaendelea hivyo mvua zote, huku kila mchana akipita nje ya Nyumba ya Kusahauliwa na kujidharau kwa moyo wake wote.

Mvua zilipokatika, mji mzima ulikusanyika. Mlango ulivunjwa lakiri, na Mponda akatoka amekonda, amejaa ndevu, anapepesa macho, na nyuma yake juani kilimfuata kivuli cheusi tii. Alipokiona alipiga ukelele kama mtoto. Alikirukia, akakikanyaga, akakiinamia akakipiga makofi.

"Mmeona? Mmeona nyie? Hakuna aliyenibeba, na nipo!"

Songoro alisimama juu ya ngazi. Alionekana kuzeeka, na huenda aliwaza kigoda chake. "Mpima vivuli," alisema. "Mtu yeyote mwingine ningemwapisha. Wewe sikuapishi, kwa sababu ulikwisha kutuambia ukweli uliokuumiza, na mji huu haujapata mtu mwingine wa namna hiyo. Neno lako ndilo tutakalolifuata. Je, kuna yeyote aliyembeba?"

Mponda alikuwa anamtazama. Alikuwa anacheka, meno yote nje, na machozi yamelowesha ndevu. Hakuwa na shaka hata chembe.

"Hakuna," Sikudhani alisema.

*

Mji haukuacha salamu siku moja. Waliacha vijana kwanza, wakaacha walevi, kisha mwoka mikate mmoja akawa mashuhuri na watu wakaja kumgusa mkono. Nyumba moja iliacha kwa kuwa jirani ameacha. Mwishoni alikuja Bi Hadia, amewashika wajukuu wake wawili, mmoja mkono huu na mmoja huu.

"Barazani wanasema yao," alisema. "Mimi nimekuja kukuuliza wewe. Wewe hujawahi kunidanganya. Niache?"

Watoto walikuwa wanachezea pindo la shuka jeupe lililoanikwa. Vivuli vyao vilikuwa vyeusi, lakini hivyo vilikuwa vivuli vya siku ile tu.

Amwambie nini? Amwambie asalimu, na kesho mji wote uulize kwa nini, na Mponda arudishwe mle ndani? Amwambie aache, na akiwa amekosea?

"Acha, mama," alisema. "Pumzika."

Bi Hadia alishukuru, akaenda zake. Alfajiri iliyofuata milango ya mji ilibaki imefungwa, watu wakalala mpaka jua likapanda, na ulikuwa usingizi mtamu walioungoja tangu enzi za babu zao. Mlango mmoja tu ulifunguliwa, taratibu, usipige kelele. Sikudhani aligeukia kilima na kusema maneno yale. Akataja lake na la Mponda. Akamtaja Bi Hadia, akawataja wajukuu wake, akamtaja Shomvi na mke wake na mtoto wao, akaendelea nyumba kwa nyumba, mtaa kwa mtaa, akamtaja Songoro na watu wa Songoro, akawataja wale mama wa nguo ndogo. Alijua kwamba wote wakiendelea kuwa na vivuli, hatajua kamwe ni kwa nini, na hakuna atakayejua. Jua lilimkuta hajafika nusu ya mji. Adhuhuri sauti ilikuwa imemkauka na bado anataja, mpaka akaufikia mtaa wa chini kabisa, nyumba ya mwisho, ambamo juzi alizaliwa mtoto, na wazazi wake walikuwa bado hawajampa jina.